Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka: Ukarabati wa Nyumba Baada ya Mafuriko na Kimbunga, 2024

Ndugu wanachama, wazee wetu, akina mama na vijana, assalam aleikum. Nawashukuru mliofika. Mkutano huu ulitangazwa msikitini, sokoni na kwa kipaza sauti kitongoji hadi kitongoji, na bado viti vingi viko wazi. Suala hilo nitalirudia.

Shughuli za kawaida mnazijua. Kamati ilikutana, mitaro ilizibuliwa kabla ya vuli, tulizikana na kufarijiana, tuliwakilishwa kwenye vikao vya serikali ya kijiji, na daftari la wanachama limeandikwa upya. Sitayarefusha hayo.

Mwaka 2024 ulitupiga mara mbili. Mvua za El Niño zilianza mwishoni mwa 2023 na hazikukatika, na Aprili Mto Rufiji ukajaa hadi mpunga wote wa bondeni ukazama. Watu ndio kwanza wanaanika magodoro, tarehe 4 Mei Kimbunga Hidaya kikatua kisiwani Mafia. Kilipofika nchi kavu kilikuwa kinapungua nguvu, lakini ukuta wa udongo uliolowa wiki nzima hauhitaji upepo mkubwa. Kamati ilihesabu nyumba 57 zilizoezuliwa au kubomoka. Maswali ya maji ya Bwawa la Julius Nyerere, lililoko juu ya mto huu, yana mahali pake pa kuulizwa, na chama hiki sipo, kwa hiyo naomba yasiletwe kwangu.

Fedha zilikuwa hivi. Ada ziliingia shilingi 372,000, michango ya wana wetu walioko Dar es Salaam 4,150,000, na mfuko wa maafa tulioanza nao 1,280,000. Jumla 5,802,000. Mabati 110 yalitugharimu 2,640,000, mbao, misumari na waya 1,485,000, mafundi 770,000, usafiri 420,000. Baki ni 487,000. Stakabadhi zote anazo mweka hazina, na anayetaka kuziona afike azione badala ya kuuliza kijiweni.

Sasa nizungumzie uamuzi ulioleta maneno. Kamati iliamua kumaliza nyumba 11 badala ya kugawa mabati kwa nyumba zote 57. Uamuzi huo niliupendekeza mimi, niliusimamia mimi, na leo nausimamia tena mbele yenu.

Waliotaka mgao sawa wapige hesabu. Mabati 110 kwa nyumba 57 hayatimii hata mawili kwa kila nyumba. Mabati mawili hayaezeki chumba. Yangeishia kufunika banda la kuku, mengine yangeuzwa Ikwiriri kabla ya Iddi, na mvua za vuli zingewakuta watu wa nyumba zote 57 wakiwa chini ya turubai. Michango ile ililetwa ili watu walale pakavu, na katika nyumba 11 watu wanalala pakavu.

Tena hatukurudisha bati tu. Mliokuwepo siku ya kwanza ya kazi mtakumbuka lile paa lililookotwa kwenye mwembe, zima, papi (mbao za kupigilia bati) na kenchi (fremu za mbao za paa) zikiwa bado zimeshikana. Misumari ya bati haikung'oka hata mmoja. Kilichokosekana ni kitu cha kulishika paa na ukuta: kenchi zilikuwa zimelazwa tu juu ya tofali mbichi, upepo ukaingia chini ya upenu ukabeba chote. Kwa hiyo kwenye kila nyumba fundi alitoboa ukuta kozi tatu chini, yaani mistari mitatu ya tofali, akapitisha waya wa kufungia mara mbili, akaukaza juu ya kenchi kwa koleo. Nyumba za miti, kenchi zilifungwa kwenye nguzo zenyewe. Upenu ulipunguzwa. Mabati ya zamani yaliyonyooka tuliyarudisha, matundu yakazibwa kwa lami. Kazi hii inakula muda na waya, ndiyo maana fedha ziliishia nyumba 11. Boriti za mikoko za bei nafuu zililetwa hadi mlangoni kwangu usiku, nikazikataa kwa sababu hazikuwa na kibali. Chama hakitajengea mtu nyumba kwa mali ya kukamatwa.

Nimesikia pia kwamba nyumba ya dada yangu imo kwenye orodha. Imo. Dada yangu ni mjane, analea wajukuu wanne, na ukuta wa upande wa jiko ulilala chini wote. Orodha iliandikwa na kamati ndogo ya watu watano, na nyumba hiyo ilipojadiliwa mimi nilitoka nje. Aliyeona palikuwa na nyumba yenye hali mbaya zaidi iliyoachwa aitaje hapa mkutanoni, tuende wote tukaitazame.

Kuhusu madungu. Wapo walioomba tuwajengee madungu yao ya shambani yaliyozolewa na mto. Najua dungu kwa Mrufiji si kibanda cha mchezo. Mtu analala humo miezi akilinda mpunga dhidi ya nguruwe na ndege. Lakini wazee wetu walihamishiwa huku juu baada ya mafuriko ya 1968, na makazi ni huku. Tungeanza kujenga bondeni, fedha zingerudi mtoni masika yajayo.

Sasa mahudhurio na ada. Tuko wanachama 84. Waliolipa ada ya mwaka, shilingi 12,000, ni 31. Elfu moja kwa mwezi! Kikao cha kupanga ukarabati, kile ambacho kila mtu alipaswa kutoa maoni, hakikutimiza akidi, tukakiahirisha, na cha pili kikatimia kwa taabu baada ya mimi mwenyewe kupita nyumba kwa nyumba. Ndugu zangu, inaniuma. Wengi wanaolalamikia uamuzi hawakuwepo ulipofanywa, na majina yao kwenye daftari la ada yana mstari mtupu. Pamoja na hayo, kati ya nyumba 11 zilizokarabatiwa, nne ni za wasiolipa ada. Hatukumwacha mama mzee kwenye turubai kwa sababu ya elfu kumi na mbili.

Nyumba 46 bado zinasubiri. Nia yetu ni kuendelea nazo kadiri fedha zitakavyoruhusu, tukianza na zenye wagonjwa na watoto wadogo. Tunatarajia kuzungumza na halmashauri, na tukijaaliwa tutapata wafadhili na mafunzo kwa vijana wetu ya kufunga kenchi. Wana wetu wa Dar wameahidi kutukumbuka tena. Mweka hazina amekaa meza ya pale mlangoni na daftari, na atapokea ada hadi mkutano utakapofungwa.

Naomba kuwasilisha.

Mwenyekiti