Kitabu cha skoa kiko juu ya kabati

Mwanangu mpendwa,

Jana kwa simu uliniuliza mbona bado nahangaika na kaklabu ka kriketi kasiko na hata choo, mi sikukujibu vizuri sababu nilikuwa steji na boda zinapiga kelele, sasa nimekaa nakuandikia.

Unajua babu yako alikuwa askari hapa Jinja, ndo maana kwetu tumekulia Kiswahili. Yeye ndo alinisimulia kwamba zamani uwanja ule ulikuwa wa Wahindi, wenye maduka ya Main Street na jamaa wa viwandani, sisi wa barracks tulikuwa wa kuokota mipira tu. Halafu Agosti 1972 Amin akawapa Waasia siku 90 waondoke, na wachezaji karibu wote wakaenda, mkeka wa kutandika pale mpira unapodunda ukabaki umekunjwa stoo na ng'ombe wakawa wanalala pale katikati. Mi naamini mchezo ungekufa kabisa kama si shule, Mwiri hasa, walimu na wanafunzi wakaushika. Na usisahau 1975, kwenye Kombe la Dunia la kwanza la wanaume kule Uingereza, timu ya Afrika Mashariki ilikuwa na Waganda, John Nagenda na Sam Walusimbi. Walipigwa mechi zote 3 lakini walikuwepo.

Kwa hiyo mtu akikwambia kriketi ni ya Wahindi, au si ya wasichana kama yule mzee alivyonijibu mkutanoni nilipoomba glovu zenu, mwambie akuulize wewe.

Sisi tulianza upya na ule mkeka. Wa makumbi, mita 20 hivi, kila Jumamosi tunaubeba watu 4 tunautandika juu ya saruji tunapigilia misumari pembeni, na wingu likitoka upande wa ziwa ni mbio kuukunja, maana ukilowa hata watu 8 hamuuinui. Mpira kwenye mkeka unaruka juu na kukata vibaya, mpigaji mgeni anashangaa! Pedi tulikuwa nazo jozi 2 kwa timu nzima, anayetoka anamvulia anayeingia palepale kwenye mstari.

Lakini kitu ninachokipenda kuliko vyote ni kitabu cha skoa, kile tunachoandika kila mpira unaorushwa. Ulijifunza kuhesabu humo, unakumbuka? Rani ni alama wanayopata wapigaji, wiketi ni mpigaji aliyetolewa, nukta ni mpira usio na rani, ova ni mipira 6, na ova ikiwa nukta tupu unaziunganisha zinakuwa M.

Juni 2024 usiku wa manane nilikaa na simu na hicho kitabu nikiandika mechi ya Uganda na Papua New Guinea iliyokuwa inachezwa Guyana, yani kitabu cha klabu yetu, ukurasa unaofuata baada ya mechi yetu ya Jumamosi. Frank Nsubuga, miaka 43, akarusha ova 4 akatoa rani 4 tu na wiketi 2. Nilichora M mbili mwanangu, mkono unatetemeka. Wao 77, sisi tukafika 78 tumeshapoteza wiketi 7, Riazat Ali Shah ndo alitubeba na 33, na mama yako akaamka akidhani kuna msiba. Siku chache baadae West Indies wakatutoa kwa 39, hiyo nayo nimeiandika, wiketi zote 10 ziko humo.

Goti langu sasa halinibebi tena kusimama siku nzima, na macho yanachanganya nukta na 1. Vijana wa sasa wanaandika skoa kwenye simu, sawa, ila simu zao zikiibiwa mechi zinapotea nazo.

Ukifunga shule njoo moja kwa moja, usipitie kwa shangazi. Kitabu kiko juu ya kabati kwenye kaveera, ule mfuko mweusi wa plastiki, penseli ziko ndani, Jumamosi tunacheza saa 4 asubuhi na mkeka umepungukiwa mtu mmoja wa kubeba.

Baba yako