Barua ya wazi kwa vijana wanaoandika habari za Isabel na Monroe Smith

Wanangu,

Shikamoo zenu nimezipokea, marahaba. Nimefurahi kuliko ninavyoweza kusema kusikia kwamba kundi lenu la Waswahili hapa New England limeamua kuandika maisha ya mume na mke walioanzisha hosteli za vijana Marekani. Nilipokuja nchi hii kusoma nililala kwenye hosteli hizo, maana pesa ya hoteli sikuwa nayo. Deni hilo ninalo mpaka leo, na nyinyi mnanisaidia kulilipa.

Kurasa mlizonitumia nimezisoma mara mbili. Mmeanza na Richard Schirrmann, yule mwalimu wa Kijerumani aliyekumbwa na mvua ya radi mwaka 1909 akiwa matembezini na wanafunzi wake, wakalala shuleni juu ya majani makavu, na usiku ule likamjia wazo la kuwa na nyumba za kulala vijana nchi nzima. Kisa kizuri, na pasipo yeye hosteli zisingekuwapo. Lakini amekula kurasa tatu nzima. Isabel anatokea ukurasa wa tano, kwa sentensi moja, "akimsaidia mumewe". Hapo niliziweka karatasi chini.

Isabel na Monroe walikuwa walimu wote wawili. Mwaka 1933 walikwenda Ulaya wakiongozana na vijana, wakalala kwenye hosteli za huko, wakaonana na Schirrmann. Desemba 1934, mdororo mkubwa wa uchumi ukiwa bado umewabana watu, wakafungua hosteli ya kwanza Northfield, Massachusetts, mji mdogo kando ya mto Connecticut. Kwa senti 25 kijana alipata kitanda. Katika habari hiyo nzima, msaidizi ni nani?

Najua mtanijibu kwamba mmetafuta jina la Isabel kwenye magazeti ya zamani na hamkuliona. Magazeti ya Marekani ya wakati ule yalikuwa na desturi ya kumwita mwanamke aliyeolewa kwa jina la mumewe. Tafuteni "Mrs. Monroe Smith". Nyinyi hamna haki ya kushangaa, maana mmelelewa katika mitaa ambamo mtu ni Mama Asha miaka hamsini, na siku ya msiba wake majirani wanaulizana jina alilopewa na wazazi wake.

Nawaambia haya kwa sababu nimeshayakosea. Wazazi wangu walikuwa na gesti ya vyumba sita huko Tanga. Baba alipofariki niliandika wasifu wake, ukasomwa msibani, watu wakalia. Mama alipomfuata miaka kumi baadaye, nilikaa na kalamu usiku kucha nisijue pa kuanzia. Ndipo nikayakumbuka madaftari ya wageni. Yote yalikuwa mwandiko wake: nani alifika, alitoka wapi, alilipa nini, nani alikopeshwa nauli ya kurudi kwao. Nilipokwenda kuyatafuta, mchwa walikuwa wameshayamaliza.

Kwa hiyo anzeni na karatasi za namna hiyo. Madaftari ya wageni, na kadi za uanachama zilizogongwa muhuri katika kila hosteli. Kadi moja tu yaweza kuwaonyesha safari ya binti wa miaka kumi na saba kwa baiskeli, kituo hadi kituo, wiki nzima. Tena ziandikeni kanuni za nyumba: mgeni alikuja kwa miguu au kwa baiskeli, alibeba mfuko wake wa shuka, na kabla ya kuondoka alifagia au aliosha vyombo. Katika kila hosteli palikuwa na wazazi wa nyumba, waliokuwa wakiwapokea vijana wasiowajua. Hebu fikirini ilivyokuwa kazi kumshawishi mwenye shamba, na mkewe, wafungue mlango kwa watoto wa watu. Hayo yaliongelewa jikoni, na maneno ya jikoni hayana kumbukumbu za kikao.

Yale magumu msiyapite. Mwaka huo huo wa 1933, vijana wa Hitler walizichukua hosteli za Ujerumani, na baadaye Schirrmann mwenyewe akaondolewa. Ulizeni wageni hawa wawili kutoka Marekani waliona nini, wakasema nini. Ulizeni pia kijana mweusi alipokewaje mlangoni katika miaka ile ya ubaguzi; sisi hasa tusipouliza, aulize nani? Na msiishie pale Rais Franklin Roosevelt na mkewe Eleanor walipokuwa marais wa heshima wa chama cha hosteli za Marekani, kwa kuwa picha hizo ni nzuri. Isabel na Monroe waliondoka kwenye chama walichokijenga kwa mikono yao. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia wakaanzisha Youth Argosy, shirika la kuwasafirisha wanafunzi kwenda Ulaya kwa nauli nafuu. Watu waliotoka nyumbani kwao wakaanza upya, hapo pana sura nzima ya kitabu.

Hesabuni miaka na mwogope kidogo. Aliyekuwa na miaka kumi na tano mwaka 1949 leo amepita tisini. Mmeniandikia kwamba mnamjua bibi mmoja aliyezunguka na baiskeli enzi hizo, na mmepanga kumwendea likizo ya kiangazi. Nendeni Jumamosi hii. Mmoja aulize, mmoja arekodi, wengine mkae kimya hata anaponyamaza. Swali la kwanza lisiwe la mwaka wala la Monroe. Mwulizeni asubuhi alipoamka hosteli alikuta harufu gani, na nani alikuwa ameshaamka kabla yake. Halafu niandikieni alichojibu.

Mimi mzee wenu,
Massachusetts