Abuu asisubiri korosho

Chikongola, Mtwara

Shoga yangu Somoe,

Asalaam aleikum. Ujumbe wako nimeusikiliza, nikaona jibu lake haliishi kwenye simu, ndiyo maana nakuandikia.

Unasema mwanao Abuu katimiza miaka mitatu na bado ni "mma" na kidole tu. Shangazi yake kasema ni udata, yaani ulimi umeshikwa kwa chini, akatwe. Bibi yake kasema mwacheni, atasema akitoka jandoni. Na shemeji kasema subirini minada ya korosho iishe, zikilipwa mtampeleka Dar.

Nianze na bibi, kwa heshima zake zote. Jandoni watu hufundishwa kwa maneno na nyimbo, sasa mtoto ambaye maneno hayamfikii atatoka na nini zaidi ya kidonda? Huo udata nao unaweza kumsumbua mtoto kunyonya au kutamka baadhi ya sauti, lakini haumzuii kugeuka akiitwa kwa nyuma. Wewe mwenyewe umesema hageuki mpaka umguse. Basi ulimi uacheni, na wembe wa mtu yeyote usimkaribie, wa udata wala wa kimeo. Tuanze na masikio.

Kuhusu korosho ndiyo nina maneno mengi. Unajua mimi nafundisha awali, nawapokea wakiwa na miaka mitano. Kila mwaka hakosi mzazi wa kuniambia pale mlangoni, "Mwalimu, huyu mpole tu, si msemaji." Nikigonga sufuria nyuma ya mtoto, hata kope hazichezi. Nyumbani miaka yote hiyo anachapwa kwa ukaidi! Na kinachoniuma si kwamba hasikii, maana kiziwi anasoma na anafika mbali. Kinachoniuma ni kwamba kafika miaka mitano hana lugha yoyote, ya mdomo wala ya mikono. Hajui kuuliza, hajui kwamba kila kitu kina jina, hata michezo ya wenzake haielewi. Miaka mitatu ya mwanzo ndiyo ubongo unaipokea lugha kwa wepesi zaidi, na Abuu hiyo ameshaimaliza. Msimu wa korosho unarudi kila mwaka, shoga.

Binamu yangu aliyeolewa Minneapolis mwanawe alichelewa hivyo hivyo. Marekani walitunga sheria mwaka 1975 ya kuwapa watoto wenye ulemavu elimu ya umma bila malipo, na mwaka 1986 wakaongeza huduma kwa wachanga, tangu kuzaliwa hadi kutimiza miaka 3. Mzazi anapiga simu mwenyewe, habari ya barua ya daktari hakuna, na tangu hapo wahusika wana siku 45 za kumpima mtoto na kukaa na familia kuandika mpango. Akifika miaka 3 anahamishiwa upande wa shule. Kwa masikio ndiyo wana haraka zaidi: lengo lao ni mtoto apimwe kabla ya mwezi 1, jibu lijulikane kufikia miezi 3, na msaada uanze kabla ya miezi 6. Nilimwonea wivu binamu yangu, nikamuuliza mtaalamu waliyempa anamfundisha mtoto saa ngapi. Akacheka. Anakuja nyumbani saa moja kwa wiki, anakaa naye sakafuni na kumwelekeza mama, halafu anaondoka. Siku zote zilizobaki mwalimu ni mama.

Hilo ndilo lililonifanya nishike kalamu. Sisi hatuna mtu wa kutubishia hodi, lakini kazi yenyewe inafanyika uani kwako. Ukisema naye, chuchumaa macho yenu yawe sawa, mwanga ukuangukie wewe usoni aone mdomo. Ukikuna nazi, mwonyeshe nazi, iseme, kisha mwonyeshe ishara ya kukuna. Chagueni ishara chache, za maji, kula, njoo, imetosha, na nyumba nzima mzitumie zile zile, hata bibi. Akitaka kikombe usimkimbilie. Shika kidogo, mtazame, mpe nafasi akuombe kwa namna yake. Watu watakwambia ishara zitamfanya mvivu wa kusema. Si kweli. Mtoto aliyeonja raha ya kueleweka hutafuta njia nyingine za kueleweka. Na simu ya katuni iweke kabatini, haimjibu mtu ile.

Hospitali, anzia hapo hapo Lindi, Sokoine. Nenda na kadi ya kliniki, omba kuonana na daktari wa masikio, pua na koo, na kama siku hiyo hayupo omba rufaa kwa maandishi. Ukielekezwa Hospitali ya Kanda huku Mtwara, Mitengo, utafikia kwangu. Mweleze daktari kila kitu: ile homa iliyomlaza hana hata mwaka, sindano alizochomwa, masikio yaliyokuwa yakitoa usaha, na kama alipata manjano alipozaliwa. Yote hayo yanaweza kugusa usikivu, na mengine, kama usaha, yanatibika. Akionekana hasikii kabisa, Muhimbili wanapandikiza vifaa vya kusaidia kusikia tangu mwaka 2017, na huko nako umri mdogo ndiyo wenye faida. Masikio yakiwa mazima, usirudi nyumbani ukishangilia. Omba atazamwe usonji na mengineyo. Sera inasema chini ya miaka mitano matibabu ni bure. Wewe beba akiba.

Ukitoka huko, pitia halmashauri kwa afisa elimu maalum, Abuu ajulikane mapema, maana shule zenye kitengo cha watoto kama yeye si kila kata. Wasikutishe wala kukufukuza, Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inampa haki ya kusoma kama wenzake. Najua neno "maalum" linakutia hofu, unaona mtoto atachukuliwa apelekwe mbali kama Tabora, kwenye shule ya viziwi ya tangu mwaka 1963, au ile ya Buguruni, Dar. Hakuna wa kumchukua bila wewe. Bweni kwa mtoto mdogo mimi mwenyewe silipendi, ingawa nimewaona waliotoka huko wakizungumza kwa mikono kwa kasi na kuchekana, nikajua kuna kitu wamekipata ambacho kijijini peke yake mtoto hakipati. Hilo tutalibishana akifika umri. Sasa hivi kuna mtu mzima kiziwi hapo mjini? Mkaribishe chai, Abuu amwone.

Shemeji mwambie nimesema mimi. Akikasirika anipigie, namba anayo. Nauli ya bajaji nimekutumia kwenye simu, usiitie kwenye mchango wa harusi ya wifi yako, nakujua. Nenda Jumatatu asubuhi kabla foleni haijajaa, na kipimo watakachofanya uliza kinaitwaje, uandike nyuma ya kadi, maana huku Mitengo watakuuliza.

Mwenzio,
Mwanaidi