Anzeni na spika, si redio

Mhariri,

Wengi wenye fedha kidogo hukimbilia redio mpya ya gari, kisha wanashangaa muziki bado unakwaruza. Nawasihi waanze na spika za milango ya mbele. Za kiwandani mara nyingi ni za karatasi, na jua na unyevu huzichakaza.

Kabla ya kununua, fungua mlango upime upana na kina cha tundu, maana sumaku nene itagonga kioo kikishushwa. Redio nyingi hutoa wati 15 hadi 20 za kweli kwa kila spika, hata boksi likisema 50. Chagua basi spika ya omu 4 (kipimo cha ukinzani wa umeme) yenye usikivu wa desibeli 90 au zaidi, yaani inayotoa sauti kubwa kwa nguvu ndogo.

Halafu ziba matundu ya bati la mlango na uzungushie sponji ukingo wa spika. Hewa ya nyuma ikikutana na ya mbele, besi inafutika. Matundu ya chini kabisa yaache wazi! Maji ya mvua hutokea hapo, ukiyaziba mlango utaliwa na kutu.

Ukigeuza waya za spika moja, besi inakufa pia. Gusisha waya za kila spika kwa betri ndogo ya volti 1.5, chanya kwa chanya: koni zote (sehemu ya spika inayotikisika) zisukumwe nje.

Amplifaya (kikuza sauti) ikija baadaye, fyuzi ya waya wake wa umeme ikae karibu na betri ya gari, umbali usizidi sentimita 45. Bila hiyo, waya ukichubukia kwenye bati, gari linaweza kuwaka moto.

Fundi wa redio za magari