Bei ya mtumba na kazi ya mlaji

Mhariri,

Naomba nafasi kwenye gazeti lako nichangie hii hoja kwamba soko huria linamnufaisha mlaji popote alipo, awe wa Marekani au wa Manzese. Linamnufaisha kweli, ila siyo sawasawa, na kinachoniuma ni kwamba mlaji anaongelewa kama vile hana kazi anayoitegemea.

Sisi tuliokuwepo mwanzoni mwa miaka ya themanini hatudanganyiki kwamba kufunga mipaka ni raha. Sabuni foleni, sukari foleni, khanga mpaka umjue mtu wa RTC, kampuni ya umma ya biashara ya mkoa iliyogawa bidhaa. Bajeti ya 1984 ikafungua mlango kidogo, Mzee Mwinyi alivyoingia 1985 ikawa ruksa, watu wakavaa. Hata leo nenda soko la mitumba la Karume hapa Ilala asubuhi balo likifunguliwa, kijana kapanda juu ya rundo anaita "buku buku, chagua mwenyewe", mama kashika sweta la mtoto anavuta mshono, anachungulia kwapani kama pamechanika, analigeuza, analiweka anachukua lingine, na kwa elfu tatu anavalisha watoto watatu. Mtu asije kumwambia huyo mama mtumba ni aibu.

Lakini huyo huyo mama huenda ana kaka aliyekuwa akifanya kazi Urafiki pale Ubungo, kiwanda cha nguo kilichofunguliwa 1968 kwa msaada wa China, au Mwatex kule Mwanza, au Mutex Musoma. Nguo za nje zilivyomwagika viwanda vikayumba, vingine vikafa kabisa, watu wakarudi nyumbani. Marekani nao walipoteza viwanda vya nguo, Carolina kule iliumia sana, ila wa kule akiachishwa alikuwa na posho ya serikali ya kumsogeza, na akienda dukani anakuta nguo mpya bei imeshuka hasa kota za nguo, yaani viwango vya mwisho vya kuingiza nguo za nje, zilivyofutwa Januari 2005. Akizichoka ndiyo zinakuja kwetu kwenye balo. Wa kwetu yeye aliishia kuuza mtumba barabarani, na pamba ya Simiyu na Shinyanga sehemu kubwa bado inapanda meli bila kufumwa.

Na huo uhuru wa biashara una wenyewe. Machi 2016 marais wa Afrika Mashariki walikubaliana mtumba uondoke taratibu mpaka 2019. Mwaka uliofuata wafanyabiashara wa nguo kuukuu wa Marekani wakalalamika kwa serikali yao, Kenya ikajitoa mapema, sisi na Uganda tukalegea. Rwanda ikakaza, ushuru kutoka senti 20 za dola mpaka dola 2.50 kwa kilo, ikaadhibiwa Julai 2018, nguo zake zikaondolewa kwenye msamaha wa kodi wa AGOA, sheria ya Marekani iliyoruhusu bidhaa za Afrika kuingia kwao bila ushuru. Sasa hapo huria iko wapi jamani?

Sitaki mtumba upigwe marufuku, tutawavua watu nguo kabla hatujawa na za kuwavalisha. Ninachotaka ni serikali ianze na nguo inazonunua yenyewe kwa kodi zetu, magwanda ya polisi, mashuka ya hospitali, vyote vitoke pamba ya hapa na vifumwe hapa kwa mikataba ya miaka mingi ili mwenye kiwanda awe na uhakika wa kununua mashine. Mama wa Karume hapotezi hata shilingi. Na wizara inayohusika itujibu humu humu gazetini, hayo mashuka ya sasa yanatoka wapi?

Msomaji wako,
Ilala, Dar es Salaam