Barua ya wazi kwa Mkuu wa Mkoa wa Mbeya: kifungo cha nje kinakwama vijijini, siyo mahakamani

Mheshimiwa Mkuu wa Mkoa,

YAH: VITUO VYA KAZI KWA WANAOTUMIKIA ADHABU YA HUDUMA KWA JAMII

Tangu 2002 tunayo Sheria ya Huduma kwa Jamii. Pale ambapo kifungo kinachostahili hakizidi miaka mitatu, hakimu anaweza kumwagiza mkosaji afanye kazi ya umma bila malipo huku akilala kwake. Wananchi wanaiita kifungo cha nje. Hatukuombi umwelekeze hakimu yeyote. Ibara ya 107B ya Katiba imewapa mahakimu uhuru wao na ibaki hivyo. Tunakuomba ushughulikie yaliyo chini ya mkono wako: watendaji wa kata na vijiji, shule, zahanati, na wakurugenzi wa halmashauri zote saba.

Kabla ya kutoa amri, hakimu anahitaji taarifa ya uchunguzi wa kijamii kutoka kwa afisa wa huduma za uangalizi. Afisa anatafuta mambo machache, ila ayapate kwa uhakika: mkosaji anaishi kitongoji gani na kwa nani, nani wanamtegemea, amewahi kutiwa hatiani, afya yake inabeba kazi gani, na mlalamikaji anaishi umbali gani kutoka kwake. Majibu hayo anayo mwenyekiti wa kitongoji na mtendaji wa kijiji. Lakini mara nyingi kinachorudi ni barua ya mstari mmoja: "Ni mkazi wangu, namfahamu." Hakimu afanye nini na barua hiyo? Asipojua mtu huyu ataonekana wapi kesho, atampeleka gereza la Ruanda, na hatuna sababu ya kumlaumu.

Tunaomba basi fomu ya ukurasa mmoja yenye maswali hayo, ijazwe na mtendaji na kurudi mahakamani ndani ya siku saba, bila malipo. Suala la malipo tunalitaja wazi. Muhuri unaouzwa unaharibu adhabu nzima, kwa kuwa mwenye hela anapata barua nzuri na asiye nayo anaingia ndani.

Kigumu zaidi ni kituo cha kazi. Ikipangwa saa nne kwa siku, siku tano kwa wiki, miezi sita inakuwa takriban saa 520. Saa hizo zinaweza kufukua mifereji ya kata nzima, au zinaweza kupotea zote. Mtu anafika shuleni saa mbili asubuhi, jembe hakuna, fyekeo hakuna, mwalimu mkuu yuko kwenye semina wilayani. Anakaa chini ya mti hadi saa sita, jina lake linawekewa tiki, anarudi nyumbani. Baada ya wiki mbili za namna hiyo haji tena. Msimamizi akihamishwa, daftari linabaki limefungiwa kwenye droo yake, na afisa uangalizi hajui hata kama adhabu inaendelea. Baya kuliko yote ni kumpeleka akapalilie shamba la mkubwa. Huo ni wizi wa nguvu za mtu, na msimamizi anayefanya hivyo achukuliwe hatua za kinidhamu.

Kila kituo kiwe na wasimamizi wawili waliotajwa kwa barua, mmoja akisafiri mwingine yupo. Kwa watu watano zinatosha zana hizi: majembe matatu, mafyekeo matatu, reki mbili, toroli moja, na buti na glavu jozi tano, zikae stoo yenye kufuli. Daftari lionyeshe saa ya kuingia, saa ya kutoka, kazi iliyofanyika na sahihi mbili, kila siku. Sahihi za wiki nzima zinazotiwa Ijumaa mchana tunazijua na hazifai. Kazi iandikwe kwa kipimo, yaani mita za mfereji uliozibuliwa au idadi ya madawati yaliyokarabatiwa; neno "usafi" peke yake halimwambii mkaguzi chochote.

Hali za wilaya zetu zizingatiwe. Rungwe na Busokelo mvua hunyesha karibu mwaka mzima, kwa hiyo kituo kiwe na kazi ya ndani, kama kupaka rangi au kutengeneza madawati. Mbarali, wakati wa kupandikiza mpunga, saa za adhabu zihamie alasiri. Ukimzuia mtu asubuhi msimu ule, familia yake inakosa chakula cha mwaka na yeye atatoroka kazi. Chunya umbali ni mkubwa. Kituo kisizidi mwendo wa saa moja kwa miguu, maana nauli ya bodaboda ya kila siku inavunja amri hata kwa mtu mwenye nia njema.

Wapo wasiofaa kupangwa ovyo. Aliyemdhuru mtoto asikanyage shule. Aliyeiba dawa asipelekwe zahanati. Wahamiaji wanaokamatwa wakielekea Kasumulu, mpakani na Malawi, hawana makazi hapa, kwa hiyo hao watafutiwe utaratibu mwingine. Watoto nao wasichanganywe humu: Sheria ya Mtoto ya 2009 inakataza kabisa kumfunga mtoto, na hatua zake ni tofauti.

Kuna mlalamikaji pia. Akimwona aliyemwibia yuko sokoni Uyole jioni, anasema kesi imenunuliwa, na hasira hiyo ni hatari kwa wote wawili. Mtendaji amweleze kwa mdomo ndani ya wiki ya hukumu: adhabu ni ipi, inatumikiwa wapi, hadi lini, na fidia ni kiasi gani. Fidia siyo hisani, Ibara ya 107A imeitaja. Ila mkosaji asivishwe bango wala sare ya kumtangaza. Kanuni za Tokyo za 1990 za Umoja wa Mataifa, zinazohusu adhabu zisizo za kifungo, zinataka utu wake ulindwe muda wote.

Akikosa siku moja bila taarifa, msimamizi ampigie simu afisa uangalizi siku hiyohiyo. Mara ya pili, onyo la maandishi. Mara ya tatu, taarifa kwa hakimu, ambaye ataamua kubadili amri au kumfunga. Taarifa inayofika baada ya miezi miwili humkuta mtu ameshavuka mkoa.

Tunapendekeza uanze na Mbarali na Rungwe. Kila halmashauri iorodheshe angalau vituo 10 vyenye majina na simu za wasimamizi, orodha ikae kwa karani wa mahakama ya wilaya na ipitiwe kila robo mwaka. Mfano wa fomu na wa daftari tumeshauandaa, na tutaukabidhi ofisi ya Katibu Tawala wa Mkoa siku itakayotupangia.

Wako katika ujenzi wa Taifa,

Waandishi wa barua hii, Mbeya