Barua ya wazi kwa Kamishna Jenerali wa Magereza: wapeni wafungwa saa moja ya utulivu

Mheshimiwa Kamishna Jenerali,

Pokea salamu zangu za heshima. Mimi ni mama wa kijana aliyekaa mahabusu miaka mitatu na ushee kwa kesi ya mauaji, ile isiyo na dhamana, iliyokuwa ikipigwa kalenda kila mara kwa kuwa upelelezi haujakamilika. Mwishowe aliachiwa. Kuhusu kesi sina la kusema. Naandika kwa sababu ya siku moja.

Baba yake alifariki yeye akiwa ndani. Mimi ndiye niliyempelekea habari, siku ya kuona ndugu, wavu ukiwa katikati yetu na watu wakipaza sauti kila upande ili wasikike. Muda ukaisha. Wakarudishwa wadi, wakahesabiwa, mlango ukafungwa jua halijazama. Usiku ule alilia amejiziba mdomo kwa shuka. Jumapili padri alikuja, akaadhimisha misa, akahubiri vizuri, kisha akasindikizwa getini. Nafasi ya mwanangu kuzungumza naye faragha, hata dakika kumi, haikuwepo.

Aliyemshika mkono ni mzee mmoja Mwislamu, mfungwa wa miaka mingi. Kila alfajiri baada ya swala mzee huyo alikuwa akikaa na uradi wake kimya kimya, pumzi zikienda taratibu. Alimwambia mwanangu: kaa hapa karibu nami, taja jina la Mungu kama ulivyofundishwa kwenu. Hakumtaka abadili dini. Kijana akakaa, leo, kesho, miezi. Anasema mwanzoni mawazo yalimzonga kama nzi, na kwamba ilimchukua wiki nyingi kabla hajaweza kumkumbuka baba yake bila kutaka kupigana na mtu.

Wakristo tunayaita mafungo, siku za kujitenga na kunyamaza mbele za Mungu. Ni neno ndugu na kifungo, na nimelifikiria sana tangu wakati ule.

Jambo hili limeshafanyika magerezani kwa mpango rasmi. Huko India, mwaka 1975, gereza la Jaipur liliruhusu kozi ya siku kumi ya kutafakari, inayoitwa Vipassana. Baadaye Kiran Bedi, afisa wa polisi aliyekuwa akisimamia gereza la Tihar jijini Delhi, aliifungulia mlango. Aprili 1994 zaidi ya wafungwa 1,000 walikaa pamoja humo kwa siku kumi, wakiamka saa kumi alfajiri, bila kusemezana. Maofisa wa magereza nao waliwahi kukaa kozi hizo, na hilo nalipenda kuliko yote, kwa sababu askari wetu nao wanabeba mengi na hakuna anayewauliza.

Siombi tuige India. Tuna masheikh, mapadri, wachungaji, masista, tuna nyiradi na sala za kimya. Naomba vitu vichache tu. Chumba au kivuli cha mwembe, saa moja kwa siku, kwa anayetaka kukaa kimya, bila kuulizwa dini. Viongozi wa dini waruhusiwe kuonana na mtu mmoja mmoja faragha. Kanuni za Mandela, za namna ya kuwatendea wafungwa, zilizopitishwa na Umoja wa Mataifa mwaka 2015, zinasema hivyo katika Kanuni ya 65. Na mahabusu wasiachwe nje ya mpango huu, kwani mwenye kifungo anajua tarehe ya kutoka, mahabusu hajui. Mtu akifiwa, aitwe pembeni na kuambiwa na mtu wa kumfariji, si kupitia wavu.

Mwanangu anataka kurudi mle, safari hii kwa hiari yake, akakae na waliobaki. Barua yake ya kuomba kibali ameipeleka gerezani mara mbili na hajajibiwa. Mzee bado yuko ndani. Tafadhali, Mheshimiwa, tunaomba kibali hicho.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Mama wa aliyekuwa mahabusu,
Morogoro